Bwana Sakarani: Askari Aliyeshika Jembe

Asafiriye katika njia kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Morogoro hupita Kibaha mahali paitwapo Kwa Mathias, na tena hupita Kwa Mfipa. Ndiyo desturi ya nchi yetu. Mtu akikaa mahali, akajenga, akalima, akapokea wageni, jina lake hushika ardhi; na hata akiisha kufa, watoto wasiomjua hulitaja kila siku waendapo sokoni. Jina la mtu likiisha kushika ardhi, ni vigumu kung'oka.

Basi katika kitabu hiki cha jubilei, tukiwakumbuka waliotutangulia, tumeona vema kueleza maisha ya mtu mmoja ambaye jina lake nalo limeshika ardhi, ila si hapa kwetu. Ni katika milima ya Usambara, upande wa Soni. Hapo paitwa Sakarani hata leo. Wengi wamelisikia jina hilo, lakini ni wachache wajuao habari za mwenyewe. Alikuwa askari miaka kumi, kisha akawa mkulima miaka kumi na minne, kisha akarudi vitani akafa. Hatumwelezi ili tumsifu, wala ili tumtukane. Yuko mbele ya Mwenyezi Mungu, naye ndiye Hakimu wake. Twamweleza kwa sababu maisha yake yana neno ambalo kila mwenye jembe na kila mwenye silaha yafaa alitafakari.

Habari yenyewe yaanzia karibu na kwetu. Mwaka wa 1888 watawa Wabenedikti wa kwanza kutoka Ulaya walifika pwani yetu, wakajenga katika vilima vya Pugu, mpakani mwa Kisarawe. Walikuwa bado hawajakaa mwaka mmoja, nchi ikawaka moto. Watu wa Mrima, wakiongozwa na Bushiri wa Pangani, walikuwa wameinuka kupigana na kampuni ya Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi. Januari 1889 misioni ya Pugu ikavamiwa na kuchomwa moto. Baadhi ya watawa waliuawa, wengine wakachukuliwa mateka. Ndipo serikali ya Wadachi ikamtuma Hermann Wissmann pamoja na jeshi. Askari wake wengi walikuwa Wasudani waliopatikana Misri, na watu wa kusini kutoka Msumbiji, ambao waliitwa Wazulu. Bushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889. Lakini jeshi lile halikuvunjwa. Mwaka wa 1891 likafanywa jeshi la serikali la nchi nzima, nalo likaanza kupanda bara.

Katika jeshi hilo alikuwamo kijana mmoja jina lake Tom Prince. Alizaliwa kisiwani Mauritius tarehe 9 Januari 1866. Baba yake alikuwa Mwingereza, na mama yake Mjerumani. Akalelewa na kusomeshwa Ulaya, na alipokuwa mtu mzima alichagua upande wa mama yake, akaingia jeshi la Wadachi. Alifika Afrika ya Mashariki mwaka wa 1890 hivi, umri wake miaka ishirini na minne. Baadaye mfalme wa Wadachi alimpa heshima ya ukoo, ndiyo maana vitabu vyamwita Tom von Prince. Lakini huku kwetu jina hilo halikujulikana sana. Askari wake walimpa jina jingine, nalo ndilo lililodumu: walimwita Bwana Sakarani. Sakarani maana yake ni mlevi. Hawakusema habari ya pombe. Walitaka kusema kwamba mtu huyu, risasi zikianza kulia, hulewa kwa vita kama mwingine alewavyo kwa tembo, asione hatari wala asisikie hofu. Kwa askari ilikuwa sifa. Twaomba msomaji alikumbuke jina hilo, kwa maana tutalirudia.

Vita vyake vilivyomfanya ajulikane kwanza ni vya Unyanyembe. Mtemi Isike, ambaye Wazungu walimwita Siki, alikuwa na ngome imara karibu na Tabora, na mashambulio ya kwanza ya Wadachi yalishindwa mbele yake. Januari 1893 Prince aliongoza shambulio jipya. Ngome ikavunjwa. Isike alipoona kwamba adui wamekwisha ingia ndani, hakukubali kukamatwa, bali aliwasha baruti ghalani ili afe pamoja na watu wa nyumba yake. Hivyo Unyanyembe ikaanguka, na njia ya misafara toka pwani hata Tabora ikawa mikononi mwa serikali.

Kisha vikaja vita vya Uhehe. Wasomaji wetu, hasa walimu, wajua vema habari za Mtwa Mkwawa. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, Wahehe waliliangamiza jeshi la Wadachi pamoja na mkuu wake Zelewski. Serikali haikusahau aibu ile. Oktoba 1894 gavana von Schele alipanda na jeshi kubwa, na tarehe 30 boma la mawe la Kalenga likatekwa. Prince alikuwa mmojawapo wa maofisa walioingia. Lakini Mkwawa aliponyoka, na kwa miaka minne akapigana porini bila kukamatwa.

Kazi ya kumtafuta ikapewa Prince. Mwaka wa 1896 alijenga boma jipya mahali ambapo leo ni mji wa Iringa. Mwaka ule ule alioa mke, Magdalene von Massow, wakakaa naye Uhehe, na baadaye bibi huyo aliandika kitabu juu ya maisha yao huko, kikapigwa chapa mwaka wa 1903. Prince aliigawanya nchi. Sehemu moja alimweka Mpangile, ndugu yake Mkwawa mwenyewe, awe mtawala. Haikupita muda mrefu akamtuhumu kwamba kwa siri amsaidia nduguye, na mwaka wa 1897 akaamuru auawe. Maghala ya chakula yalichomwa ili Mkwawa asipate kulishwa, nao walioona njaa kwanza hawakuwa wapiganaji, bali kina mama na watoto na wazee. Serikali ikaahidi rupia 5,000 kwa mtu atakayeleta kichwa cha Mkwawa.

Tarehe 19 Julai 1898, huko Mlambalasi, Mkwawa akiwa mgonjwa na amezungukwa, alijipiga risasi. Sajini Merkl akamkuta amekwisha kufa. Kichwa kikakatwa, kikapelekwa kwa Prince Iringa, na baadaye fuvu likachukuliwa Ulaya. Likakaa huko miaka mingi. Mapatano ya amani ya Versailles ya mwaka wa 1919 yaliwaamuru Wajerumani walirudishe kwa muda wa miezi sita, lakini ilipita miaka thelathini na mitano kabla halijarudi. Gavana Twining ndiye aliyelikabidhi kwa Wahehe huko Kalenga tarehe 19 Juni 1954. Twalisema jambo hili hapa ili ionekane kwamba neno litendwalo kwa siku moja la hasira laweza kuwadai watoto na wajukuu ambao siku ile walikuwa hawajazaliwa.

Mwaka wa 1900 Prince aliacha kazi ya jeshi, cheo chake kapteni, akaenda kutafuta shamba. Twaweza kuelewa hamu yake. Mtu aliyekaa miaka kumi katika kambi, akilala leo hapa na kesho pale, huona jembe kuwa ni pumziko. Akachagua milima ya Usambara ya magharibi, mahali penye baridi, mvua, na mito isiyokauka. Wakahamia yeye na mkewe, wakajenga nyumba, wakafyeka, wakapanda. Huko hakuwa tena mkuu wa wilaya nzima. Alikuwa mkulima wa mlimani, mwenye kutazama mawingu kama wakulima wote. Reli ya kutoka Tanga ilikuwa ikipanda polepole. Ilifika Korogwe mwaka wa 1902, na Mombo, chini ya milima, mwaka wa 1905, na kwa njia hiyo mazao ya Usambara yalishuka bandarini.

Lakini yatupasa kuuliza: shamba lile lilikuwa la nani kabla yake? Hapo ndipo habari inapokuwa nzito. Amri ya serikali ya mwaka wa 1895 ilisema kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya serikali, nayo serikali yaweza kuwapa au kuwauzia wageni. Sasa Wasambaa, kama wakulima wengi wa nchi yetu, hulima mahali, kisha hupaacha papumzike, udongo upate nguvu. Jicho la mgeni likiona majani yameota husema hapana mtu. Jicho la mwenyeji huona hapo shamba la babu yake na la wanawe watakaokuja. Hivyo vipande vingi vya milima vilihesabiwa kuwa havina wenyewe, na wenyewe wakivitazama kwa macho.

Tena palikuwa na shida ya watu wa kazi. Mashamba ya Wazungu katika Usambara yalitaka mikono mingi, nao Wasambaa walikuwa na migomba yao na mahindi yao, hawakuona haja ya kulima kwa mtu mwingine. Serikali ya wilaya ikaleta kadi za kazi: mwanamume alipaswa kufanya kazi siku 30 katika muda wa miezi minne kwa mkulima Mzungu, kwa ujira uliopangwa, asiyetimiza aliweza kulazimishwa kazi za serikali. Wengine walichukuliwa kutoka mbali, Unyamwezi na Usukuma, wakashuka wakiacha mashamba yao wenyewe porini. Nao udongo ule mwekundu wa mlimani, ukiisha kuondolewa msitu, ulichoka upesi. Wakulima Wazungu wengi waliotumaini kahawa waliona mavuno yakipungua mwaka kwa mwaka. Mlima haukutoa utajiri wa haraka kama ulivyodhaniwa.

Hatusemi kwamba Prince alikuwa mbaya kuliko majirani zake. Alifanya kazi, alijenga, alivumilia. Lakini tazameni jambo moja. Alipokwenda mlimani aliacha bunduki mlangoni, lakini jina la bunduki akaliingiza shambani. Shamba hakuliita kwa jina la mama yake, wala la mkewe, wala la mtakatifu, wala la mlima wenyewe kama Wasambaa walivyouita. Alilita Sakarani, jina lile la ulevi wa vita. Kila asubuhi wafanya kazi wakienda kulima, walikuwa wakienda mahali pa mlevi wa vita. Twadhani mtu akilipenda jina kiasi hicho, jambo lenyewe halijamtoka moyoni.

Na halikuwa limemtoka. Mwaka wa 1914 alitoa kitabu juu ya vita vyake na Waarabu na Wahehe. Mwaka huo huo, Agosti, vita kuu vikazuka Ulaya, vikaingia na Afrika. Prince alikuwa na umri wa miaka arobaini na minane, mkulima mwenye mke na nyumba. Angaliweza kukaa. Gavana Schnee mwenyewe hakupenda vita vije katika koloni. Lakini Prince aliwakusanya wakulima wenzake wa Usambara na Kilimanjaro, wakashika silaha, na tarehe 15 Agosti 1914 akavuka mpaka akaiteka Taveta, katika nchi ya Kenya ya leo. Vita vilikuwa na siku chache tu, na Bwana Sakarani amekwisha kuwa mbele.

Hapo tena twaona jambo la ajabu. Waingereza walikuwa watu wa baba yake. Yeye mwana wa Mwingereza, aliyezaliwa chini ya bendera ya Uingereza, alikuwa akiwapiga ndugu wa baba yake katika nchi ambayo si ya baba wala si ya mama. Nao waliopigana kwa ajili ya pande zote mbili walikuwa wengi wao Waafrika na Wahindi, ambao ugomvi ule haukuwahusu hata kidogo. Wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi.

Tarehe 2 Novemba 1914 meli za Waingereza zilitokea mbele ya Tanga. Zilichukua askari wapatao 8,000, wengi wao Wahindi, chini ya Jenerali Aitken. Wadachi walikuwa kama 1,000 tu. Kanali von Lettow-Vorbeck akawashusha askari wake kwa reli kutoka upande wa Moshi, wakafika kwa zamu. Prince alipewa makampuni ya Wazungu wa kujitolea, wale wakulima wenzake. Tarehe 4 vita vikawa vikali hata ndani ya mitaa ya mji, nyumba kwa nyumba, na katika mashamba ya minazi na mipira. Watu wa Tanga hata leo hukumbuka kwamba nyuki waliochokozwa na risasi walitoka mizingani wakawauma watu wa pande zote. Mwisho Waingereza walishindwa, wakarudi merini wakiacha bunduki na risasi nyingi. Lakini siku ile ile ya ushindi Tom von Prince alipigwa risasi akafa katika mji wa Tanga. Akazikwa huko pamoja na wenzake, Wazungu na Waafrika, walioanguka siku hiyo.

Twatafakari: toka siku alipoiacha kazi ya jeshi hata siku aliyokufa ni miaka kumi na minne, na miaka yote hiyo alikuwa na jembe. Ila siku tatu za Tanga zilikuwa na nguvu kuliko misimu yote ya kupanda na kuvuna.

Tena ushindi ule haukumfaa mtu. Vita vile vikaendelea miaka minne, vikapita Kilimanjaro, Morogoro, Rufiji, Mahenge, Lindi, hata Msumbiji. Von Lettow-Vorbeck alisalimu amri huko Abercorn tarehe 25 Novemba 1918. Wapagazi walikufa maelfu kwa maelfu, kwa njaa, kwa homa na kwa kuchoka, wengi bila kaburi wala jina. Wadachi wakafukuzwa nchini, na mashamba yao yakachukuliwa na serikali mpya kuwa mali ya adui. Kile ambacho Prince alipigania Tabora na Kalenga na Tanga, yaani utawala wa Wadachi, hakikudumu hata miaka mitano baada ya kufa kwake.

Na shamba je? Shamba lilibaki. Baada ya miaka likaja mikononi mwa Wabenedikti, wale wale ambao ndugu zao wa kwanza walipoteza nyumba yao Pugu katika vita vya Bushiri. Hivyo habari iliyoanzia kwenye majivu ya Pugu, katika vilima vya jirani zetu, ikaishia kwenye kengele ya sala huko mlimani. Watawa hao, ambao kanuni yao ni kusali na kufanya kazi, wamepanda kahawa, na zabibu, na karanga za mti ziitwazo makadamia. Hawakulibadili jina. Huenda ni vema hivyo, maana jina la mlevi wa vita likitajwa mahali ambapo watu wanalima na kusali kwa amani, laweza kuwa onyo kuliko sifa.

Basi, ndugu, tumejifunza nini? Kwanza, kwamba kubadili chombo mkononi si kubadili moyo. Watu wengi hutoka vitani, hutoka gerezani, hutoka katika ugomvi wa mirathi au wa mipaka, wakashika jembe na kusema yamekwisha. Jembe ni chombo kizuri, lakini halifuti damu kwa nguvu zake lenyewe. Lililotendwa kwa Mpangile na kwa watu wa Uhehe lilihitaji kukiriwa na kulipwa, nalo halikulipwa na mtu aliyelitenda. Wengine walilipa baadaye, walipolirudisha lile fuvu.

Pili, ardhi hukumbuka jina la mmoja na husahau majina ya wengi. Twajua jina la Bwana Sakarani, lakini hatujui majina ya watu waliofyeka msitu ule kwa kadi za siku thelathini, wala ya wale waliolima pale kabla msitu haujaota tena. Wale pia ni wakulima. Baadhi yao pia walikuwa askari na wapagazi, wakarudi vijijini kimya, wakapanda mihogo, wakafa, wasiandikwe popote.

Kwa hiyo twawaomba walimu wa shule na wazee wa parokia, katika mwaka huu wa jubilei, wawaulize wakongwe waliobaki. Huyu Mathias ambaye mahali paitwa kwa jina lake, na huyo Mfipa, na wengine waliochimba visima na kupanda miembe tunayokaa chini yake, walikuwa nani? Nani aliwasaidia kufyeka? Nani alikuwa na shamba pale kabla yao? Majina yaandikwe daftarini, yawekwe parokiani, ili siku ya jubilei nyingine watoto wetu wasiwe na jina la mtu mmoja tu mdomoni, bali wawe na majina ya wote waliotoa jasho.

Nasi tunaoishi, tukumbuke kwamba mahali tunapolima patachukua jina tutakaloliishi. Heri mtu ambaye wajukuu wakiuliza kwa nini mahali paitwa kwa jina lake, wazee waweza kujibu bila kuinamisha vichwa.